Maji ya Mlima Mmoja

Makutano ya mito ni mahali ambapo maji ya njia mbili hushika njia moja. Katika nchi ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, jambo hilo haliwezi kuelezwa bila kueleza kwanza kinyume chake, yaani mahali maji yanapoachana. Katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Edward na bonde la Semliki unapita mgongo unaogawa maji ya Nile na maji ya mto Kongo. Mvua inayonyesha mashariki ya mgongo huo huteremka hadi Ziwa Edward au Semliki, kisha Ziwa Albert, kisha Nile, na safari yake huishia Bahari ya Mediterania. Mvua ya upande wa magharibi huingia mito ya msituni, kama Ituri na Lindi, inayojimwaga katika mto Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. Shamba moja la maharage likilimwa juu kabisa ya mgongo huwa na miteremko miwili, na matone mawili ya mvua ile ile yaliyoanguka humo yanaweza kufika baharini pande mbili tofauti za bara la Afrika.

Mgongo wenyewe hauna alama. Butembo uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,750, na barabara zake hupanda na kushuka vilima bila kumwonyesha msafiri ni wapi ametoka nchi ya Nile akaingia nchi ya Kongo. Wakoloni waliupenda mstari wa namna hii kwa sababu waliweza kuuandika katika mkataba kabla hata ya kuuona. Mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II yaliutumia mgawanyo wa maji ya Nile na Kongo kuwa mpaka, na hadi leo mpaka wa Kongo na Sudan Kusini unaufuata. Kivu, eneo lenye Butembo na Beni, ilikwenda njia nyingine. Huko mpaka ulisukumwa mashariki hadi ndani ya bonde la ufa na kwenye theluji za mlima Rwenzori, na mgongo wa maji ukabaki ndani ya Kongo, katikati ya nchi ya Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira. Wanalima pande zake zote mbili, wanaoana ng'ambo hii na ile, na lugha haibadiliki.

Kwa hesabu ya miamba, mpangilio huu wa maji si wa kale. Kabla bonde la ufa halijazama na kingo zake kuinuka, mito mingi ya nchi iitwayo leo Uganda ilitiririka kwenda magharibi, upande wa Kongo. Ardhi ilipoinuka iliifungia njia. Mito kama Kafu na Katonga ikageuzwa, ikaanza kurudi ilikotoka, na maji yaliyokosa pa kwenda yakatanda yakawa Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga. Ndani ya ufa wenyewe kulikuwa na ziwa moja refu sana, ambalo wanajiolojia huliita Obweruka, lililofunika mahali palipo leo maziwa Albert na Edward. Kuinuka kwa Rwenzori, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, kulilikata ziwa hilo vipande viwili. Bonde hili la ufa limekaa katika mawazo ya watu wa Butembo kiasi kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1989 kinaitwa Graben, neno walilolitoa wanajiolojia katika Kijerumani kwa bonde lililodidimia kati ya nyufa mbili.

Vipande viwili vya lile ziwa la kale vinaunganishwa na Semliki. Mto huu hutoka Ziwa Edward mahali paitwapo Ishango, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 912, hupita chini ya ubavu wa magharibi wa Rwenzori ndani ya Hifadhi ya Virunga, hukatwa na barabara ya Beni kwenda Kasindi, kisha huelekea kaskazini hadi Ziwa Albert, ambalo liko chini kwa karibu mita 300. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley, akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, aliuvuka na kulifuata bonde lake, na ndipo wachora ramani wa Ulaya walipothibitisha kwamba maji ya Ziwa Edward ni maji ya Nile. Wavuvi wa Ishango na wabeba chumvi wa Katwe, ambao chumvi yao ililiwa pande zote za bonde, walikuwa wakiishi na mto huo tangu zamani.

Thamani ya Semliki inaonekana vizuri zaidi mtu akiufuata mlima badala ya mto. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko mpakani mwa Kongo na Uganda, na theluji yake huyeyukia pande mbili. Upande wa Kongo mto Butahu huteremka kwa kasi na kuingia Semliki. Ni bonde la Butahu alilopanda Mjerumani Franz Stuhlmann mwaka 1891 alipofika juu ya mita 4,000 bila kugusa barafu. Upande wa Uganda mto Nyamwamba hupita Kilembe na Kasese na kuingia Ziwa George. Kwa anayetazama kutoka kileleni, mito hiyo miwili imepeana mgongo na haina sababu ya kuonana tena. Lakini Ziwa George humwaga maji yake kupitia mfereji wa asili wa Kazinga hadi Ziwa Edward, Ziwa Edward humwaga Ishango, na Semliki huyabeba maji hayo kuuzunguka mlima kwa upande wa magharibi hadi yanapoungana na Butahu. Hivyo maji yaliyoachana juu mlimani hukutana tena bondeni. Hakuna tone la Rwenzori linalokwenda Atlantiki. Mlima wote, pande zake zote, ni wa Nile, na huingia Ziwa Albert kwa mto mmoja.

Mzunguko huu unastahili kufahamika kuliko jambo jingine lolote katika sura hii, kwa sababu watu wa mlima huo wana historia inayofanana nao. Wayira wa Beni na Lubero na Wakonzo wa Kasese ni ndugu wa lugha na wa ukoo. Mapokeo ya Wayira yanasimulia kwamba mababu zao walitoka mashariki wakaivuka Semliki, koo moja baada ya nyingine, wakapanda nyanda za juu zenye baridi na udongo mzuri. Mpaka wa kikoloni ulipopigwa ulipita katikati yao. Kasindi na Mpondwe, soko la kila upande likitazamana na la mwenzake, ni mahali ambapo kuvuka daraja la mto Lubiriha ni kuingia nchi nyingine lakini si kuingia kwa wageni.

Kinachotokea majini penyewe, pale mito miwili inapokutana, kimechunguzwa sana na wataalamu, na kina kanuni zinazorudiarudia kuanzia kijito cha bondeni hadi mito mikubwa ya dunia. Mikondo haichanganyiki papo hapo. Kwenye ncha ya ardhi iliyo kati ya mito miwili, maji ya pande mbili hukinzana na kupoteza mwendo, na ndiyo maana majani, povu na vipande vya miti hukwama hapo. Chini kidogo ya ncha huanza ukanda ambamo mikondo miwili husuguana, na maji huzunguka kama pia. Ukanda huo ndio unaochimba. Chini yake hutokea shimo ambalo mara nyingi lina kina kuliko mto wowote kati ya ile miwili, na kadiri pembe ya kukutana inavyokuwa pana, ndivyo shimo linavyozidi kuchimbika. Upande wa mto mdogo, baada tu ya kona yake ya chini, mambo ni kinyume: maji hupooza, mchanga hutua, na fungu huanza kuota nyasi. Mto uliounganika kwa kawaida ni mwembamba kuliko jumla ya upana wa mito iliyouzaa, kwa sababu sasa unakwenda kwa kasi zaidi na kwa kina zaidi. Wavuvi wanaotafuta samaki kwenye makutano wanayajua hayo bila vipimo: shimoni kuna samaki wakubwa, na mstari wa maji mawili una chakula kilichokokotwa kutoka pande zote mbili.

Kasi ya kuchanganyika hutegemea tofauti ya maji. Mto wa mlimani huwa baridi, na wakati wa mvua kubwa huja na mawe. Mto wa bondeni huwa vuguvugu na hubeba tope laini. Mfano ujulikanao kuliko yote uko Brazil karibu na Manaus, ambako maji meusi ya Rio Negro na maji ya udongo ya Solimões huenda bega kwa bega kilomita kadhaa kabla ya kuwa Amazon moja, kwa kuwa joto, kasi na uzito wa maji hayo havilingani. Katika Rwenzori tofauti iliyo kubwa zaidi ni mawe. Tarehe 1 Mei 2013, na tena Mei 2020, Nyamwamba ilifurika na kuteremsha majabali hadi Kilembe na Kasese, ikavunja madaraja, nyumba na sehemu ya hospitali. Mto wa namna hiyo ukifika tambarare huyatua mawe yake na kuusukumia mto mkubwa ukingo wa pili. Mto mdogo nao hupinda mto mkubwa, na ramani nyingi zinaonyesha kizingo mahali tawimto linapoingia.

Mwaka 1802 Mskoti John Playfair aliandika kwamba matawimto huingia mto mkuu kwa usawa wa maji yake, na akaona humo ushahidi kwamba kila mto umechonga bonde lake wenyewe, polepole. Pale usawa huo unapokosekana, pana sababu. Juu Rwenzori barafu ya kale ilichimba mabonde makuu kwa kina na kuyaacha mabonde ya pembeni yakining'inia, kwa hiyo vijito huingia kwa maporomoko. Chini, kwenye kingo za ufa, ardhi imekuwa ikipanda upesi kuliko maji yanavyoweza kukata.

Wataalamu wa Marekani Robert Horton, mwaka 1945, na Arthur Strahler, mwaka 1952, walitoa njia ya kuipanga mito kwa daraja, na vilima vya Butembo vinafaa kuieleza. Kila kibonde kati ya vilima viwili kina kijito kisicho na tawi: hicho ni cha daraja la kwanza. Vijito viwili vya daraja la kwanza vikikutana, huzaliwa kijito cha daraja la pili. Lakini kijito cha kwanza kikiingia cha pili, daraja halipandi, hata kama maji yameongezeka. Mto hupanda cheo pale tu unapokutana na rika lake. Kimemi, mto ulioupa jina lake mmojawapo wa mitaa minne mikuu ya utawala ya Butembo, hukua kwa njia hiyo, kijito kwa kijito, katikati ya nyumba. Kila makutano ya mjini hubeba pia kilichotupwa juu yake. Udongo wa matofali uliochimbwa bondeni, takataka za soko na maji ya kufulia havibaki kwa aliyeviacha, kwa sababu kijito kina jirani chini yake na jirani huyo ana jirani. Mikalitusi iliyopandwa kwa wingi katika mabonde na vilima hivyo nayo hunywa maji mengi, na kijito kilichokauka hakifiki kwenye makutano yake.

Jina ni jambo la pili, baada ya maji, linaloamuliwa kwenye makutano. Mto mmoja huendelea na jina lake na mwingine hulipoteza. Butahu hufa ndani ya Semliki, ingawa Butahu ndio wenye theluji. Ituri, mto mkuu wa msitu ulio kaskazini-magharibi ya Beni, hupokea Lenda kutoka kusini na Epulu kutoka upande wa kaskazini na jina lake halibadiliki. Unapokutana na Nepoko huko Bomili, majina yote mawili huachwa na mto huitwa Aruwimi hadi Basoko, unapoingia mto Kongo. Hapo Basoko ndipo msafara wa Stanley ulipopigana na mitumbwi ya vita ya wenyeji mwanzoni mwa Februari 1877, kwenye maji mapana yaliyomfanya adhani kwa muda kwamba mto unaoingia nao ni mkubwa kama ule aliokuwa akiufuata. Tanzania ina mfano wa aina hiyo hiyo: Kilombero na Luwegu hukutana, na kuanzia hapo jina ni Rufiji. Hakuna sheria ya maumbile katika majina hayo. Jina hubaki la wale wanaokaa chini ya makutano, kwa sababu wao ndio wanaouona mto ukiwa mmoja.

Jambo la tatu ni mpaka, na hapa makutano mamoja ya wilaya ya Beni yana uzito wa pekee. Mapatano ya Brussels ya Mei 1910 na yale ya London ya Februari 1915, kati ya Uingereza na Ubelgiji, yaliuchora mpaka kutoka kilele cha Margherita hadi mto Lamia, ukaufuata Lamia hadi unapokutana na Semliki, na kuanzia kwenye makutano hayo ukaifuata Semliki yenyewe hadi Ziwa Albert. Juu ya makutano Semliki ni ya Kongo kingo zote mbili. Chini yake, ukingo mmoja ni wa Kongo na mwingine ni wa Uganda, na mpaka ni mstari wa kina kikubwa cha mkondo. Tatizo liko hapo hapo. Semliki ya chini hupita tambarare ya mashapo laini, hula kingo zake, hukata vizingo vyake na kuhama. Mchungaji anaweza kuamka na kuona malisho aliyoyaacha ng'ambo hii yamekuwa ng'ambo ile. Tangu mafuta yalipogunduliwa kando ya Ziwa Albert upande wa Uganda mwaka 2006, swali la kama mpaka unahama pamoja na mto limezidi kuwa zito.

Kwa watu wa Watalinga, eneo lililo karibu na makutano hayo, Lamia umekuwa mlango wa kutokea. Julai 2013 waasi wa ADF walipouvamia mji mdogo wa Kamango, makumi ya maelfu ya watu waliuvuka mto huo kwa siku chache wakaingia Bundibugyo, upande wa Uganda. Magharibi yake, kwenye daraja la Semliki katika barabara ya Mbau kwenda Kamango, kambi ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Jina la Semliki lilitajwa wiki hiyo katika nyumba za Zanzibar na Tanzania Bara ambazo hazikuwahi kulisikia.

Katika imani ya Wayira na Wakonzo, mito ya Rwenzori si maji matupu. Kithasamba hukaa kileleni, kwenye theluji, na Ndyoka ndiye mwenye mamlaka juu ya maji. Kwa mtazamo huo mito ni njia ya kushukia ya nguvu iliyo juu, na mahali nguvu mbili zinapokutana hapawi mahali pa kawaida. Wazo hilo liko sehemu nyingi za dunia. Huko India, Prayag huheshimiwa kwa sababu Ganga na Yamuna hukutana hapo, na waumini huongeza mto wa tatu, Saraswati, usioonekana kwa macho. Khartoum ilikua kando ya mahali ambapo Nile Nyeupe na Nile ya Bluu huungana, na mahali hapo pana jina lake la Kiarabu, Mogran, linalotokana na kuunganisha vitu viwili. Afrika Mashariki ina kumbukumbu nzito ya maji yaliyobeba kiapo cha umoja: mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale alitoa dawa ya maji huko Ngarambe, karibu na Rufiji, na makabila yaliyokuwa hayana mazoea ya kupigana pamoja yakasimama pamoja dhidi ya Wajerumani. Neno hilo la maji limefika Kivu kwa namna ya uchungu, katika jina la vikundi vya wapiganaji wa Mai-Mai. Kuna pia jina la amani zaidi. Kwenye barabara kati ya Oicha na Eringeti, kaskazini mwa Beni, kuna kijiji kiitwacho Mayi-Moya, jina ambalo kwa sikio la msemaji wa Kiswahili cha Kivu lasikika kama maji mamoja.

Ishango hutoa ushahidi wa muda mrefu zaidi kwamba watu wamechagua kukaa mahali maji yanapobadilika. Hapo, ziwa linapogeuka kuwa mto, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mistari iliyochongwa kwa makundi, wenye umri wa takriban miaka 20,000, unaohifadhiwa Brussels na kutajwa katika historia nyingi za hesabu. Pamoja nao kulikuwa na chusa za mfupa. Huko Katanda, kando ya Semliki hiyo hiyo, zimepatikana chusa za kale zaidi sana. Mifupa ya samaki iliyochimbuliwa inaonyesha kwamba sangara waliishi zamani katika maji ya Ishango. Hawamo tena katika Ziwa Edward. Wamo Ziwa Albert, na maporomoko ya Semliki ya kati yamewazuia kurudi, kwani maji hushuka njia hiyo lakini samaki hao hawaipandi.

Makutano ya mwisho ya maji haya hayako mtoni. Semliki huingia Ziwa Albert kwenye ncha ya kusini, kwa delta ya matope na mafunjo. Nile ya Viktoria, yenye maji mengi kuliko Semliki, huingia ziwa lile lile kwenye ncha ya kaskazini, karibu sana na mahali ziwa linapotokea. Kwa hiyo maji ya Nile ya Viktoria hupita pembeni na kutoka mapema, na maji yaliyotoka Rwenzori, yale ya Nyamwamba na yale ya Butahu yakiwa yamekwisha kuwa kitu kimoja, huvuka ziwa lote, kilomita zipatazo 160, kabla ya kuyakuta. Yakitoka pamoja kuelekea Pakwach, mto huitwa Nile ya Albert.